Miche 3,000, iliyobaki 41: tuombe mingine?

SWALI

Shikamoo Mzee wa Ugani. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, wilayani Chamwino, Dodoma. Miaka miwili iliyopita mradi mmoja ulituletea miche 3,000. Mgeni rasmi alikuja, tukagawiwa fulana, tukapiga picha. Juzi nimepita kuhesabu iliyobaki: 41, na kati ya hiyo 19 iko uani kwa mwalimu mkuu. Mvua nazo zimekuwa za kubahatisha. Zinanyesha siku mbili, watu wanapanda, kisha jua linawaka wiki tatu. Lambo letu limejaa tope. Sasa tumeambiwa kijiji kiandike andiko la kuomba fedha za kukabili mabadiliko ya tabianchi, na wajumbe wanataka tuombe miche tena. Nimegoma kuandika. Nimekosea? Na kama si miche, tuombe nini? Halafu kuna jambo la aibu: ng'ombe wanaokula kila kinachoota ni wa mwenyekiti. Tafadhali usitaje jina langu.
– Katibu, Chamwino

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hukukosea, ila usigome tena. Katibu akigoma, andiko litaandikwa na mwenye haraka ya fulana.

Hiyo 19 ya uani kwa mwalimu mkuu imekwishakujibu. Pale kuna uzio, na kuna maji ya kuoshea vyombo. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mche wenye mzizi wa urefu wa kidole unaachwa miezi saba bila tone. Hata mimi ningekufa.

Kabla hujaandika neno, chukua daftari uende kwenye lile pori mnalosema limekwisha. Nenda kiangazi, uangalie chini. Utaona visiki vya migunga, mikole na milama, kila kimoja kimezungukwa na vijiti ishirini vilivyotafunwa na mbuzi. Hicho ni kisiki hai. Mizizi yake ilikuwa chini kabla wewe hujazaliwa, haihitaji kumwagiliwa. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata kwa panga kali, pogolea matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, kisha funga kitambaa chekundu ili kila mtu ajue kina mwenyewe. Huko kwenu Dodoma kazi hii inajulikana kwa jina hilohilo, kisiki hai, na vijiji vingi vimeifanya. Mbinu yenyewe ilipata sifa huko Niger miaka ya 1980. Wajumbe wako hawataipenda, najua. Haina bajeti. Huwezi kumwalika mgeni rasmi aje kukata vijiti.

Hesabu visiki katika hatua mia kwa mia, uandike. Hiyo namba ndiyo iwe ukurasa wa kwanza wa andiko lenu.

Kuhusu mashamba: acheni kuberega, yaani kupanda bila kulima. Najua ni mazoea ya wazee, na najua jembe la mkono linachosha, lakini ardhi isiyoguswa imekuwa ngumu kama sakafu, mvua ikipiga inateleza yote kwenda korongoni. Tena hamna haja ya kwenda mbali kujifunza. Mashimo ya Chololo yamepewa jina la kijiji cha hapohapo Dodoma, na aliyeyabuni ni mkulima, si mtaalamu kama sisi. Ni mashimo madogo, upana kama sentimita 20 na kina kama 30, yanachimbwa kiangazi. Ndani unatia majivu kidogo kwa ajili ya mchwa, samadi, na mabua. Mvua ya siku mbili ikija, maji yanakaa humo. Mtama wako utazivumilia siku za jua kuliko wa jirani. Pandeni mbegu ya muda mfupi, kama Macia, ila mjipange kwa ndege, maana ni nyeupe na tamu, nao wanajua.

Kwenye mteremko wekeni makinga maji. Fremu ya A, ile ya kupimia usawa wa mstari wa kinga, mnaigongea wenyewe: miti mitatu, kamba na jiwe. Wakamba wa Machakos walichimba mitaro wakitupa udongo upande wa juu, wakaiita fanya juu, na leo vitabu vya Kizungu vya kilimo vinaandika "fanya juu" hivyohivyo, bila kutafsiri. Nafurahi kila nikiliona jina hilo.

Lambo msilizibue kwanza. Tope lile limetoka juu, kwenye ardhi iliyo wazi. Mkilizibua mwaka huu, mwaka wa tatu litakuwa limejaa tena, na fedha zimekwisha. Fungeni mteremko wa juu, halafu ndipo mlizibue. Ila nina swali moja: akina mama wa kijiji chenu wakichimba kwenye mchanga wa korongo mwezi wa Septemba, wanapata maji? Kama wanapata, na kama kuna mahali mwamba unakatiza chini ya korongo, mwiteni mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya aje aone kama panafaa bwawa la mchanga. Ni ukuta tu wa zege au mawe juu ya mwamba. Mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga, robo ya ujazo wake au zaidi, jua lisiyafikie na ng'ombe wasiyachafue. Ukambani wamejenga mengi sana. Hilo ndilo jambo la kuombea fedha, kwa sababu saruji hamna.

Sasa mwenyekiti.

Mwaka 1979 nilikuwa kijana, bwana mifugo, Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulikuwa umeanza tangu 1973, na makorongo ya kule yalikuwa yanameza mashamba. Likatoka agizo: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mimi ndiye niliyeshika orodha. Mzee mmoja alinipitia na ng'ombe wake kumi na moja, akasimama, akanitajia jina la kila mmoja, akaniambia niandike majina, si idadi. Sikuandika. Majani yalirudi, sikatai, miaka michache tu vilima vikawa kijani, na baadaye watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa ndani. Lakini kwa miaka ile tulilinda kila siku, na kila usiku watu waliingiza mifugo.

Kisha nikahamia Shinyanga, kwenye HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986. Huko nako mwanzo tulikuwa watu wa vitalu na miche, na miche ikafa kama yenu. Mpaka tulipowasikiliza Wasukuma wenyewe kuhusu ngitili: malisho yanayofungwa mvua zikianza, yanafunguliwa kiangazi kikikolea, kipande kwa kipande. Mwaka tulioanza zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600. Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zimepita 300,000. Waliozilinda ni sungusungu na wenye ng'ombe. Wenye ng'ombe wengi ndio waliokuwa wakali kuliko wote, maana wao ndio wangepata hasara.

Kwa hiyo usimpeleke mwenyekiti kwenye mkutano mkuu kama mshtakiwa. Mkutano huo kisheria unatakiwa kila miezi mitatu. Ajenda ya kutenga malisho ipite hapo, igeuzwe sheria ndogo, iende halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe, na faini itajwe kwa kichwa cha mnyama, bila kujali ni wa nani. Lakini wiki moja kabla, mtembelee nyumbani jioni, ng'ombe wakiwa wanarudi zizini. Chukua karatasi yenye ramani ya lile pori. Mwulize mwezi wa Oktoba anawalisha nini, na mwaka jana walikufa wangapi. Kisha mwulize, kama ni yeye, angelifungua pori hilo tarehe ngapi. Mwache aandike tarehe mwenyewe, kwa kalamu yake.