Muulize Mzee wa Ramani: Kichochoro kimegeuka kijiwe cha vibaka, tukizibe?

*Shikamoo mzee. Ubavuni mwa nyumba yetu hapa Sinza kuna kichochoro kinachotokea mtaa wa nyuma, palipo na duka la Mangi na njia ya kwenda kituoni. Jua likizama tu, vijana wanajazana humo na bangi zao. Asubuhi ni harufu ya mikojo na mifuko ya taka. Majuzi dada wa kazi kaporwa simu humohumo. Mimi na jirani wa upande wa pili tumekubaliana kuchanga tofali na saruji, tuzibe huku na huku, kisha kila mmoja asogeze ukuta wake achukue nusu. Mjumbe kasema hana neno. Mpwa wangu aliyeko Liverpool naye anasema kwao vichochoro vimefungwa mageti na wizi umepungua. Tuendelee?*
Mama mwenye nyumba, Sinza

Marahaba, mama. Mpe pole dada. Hizo tofali ziache kwanza kwa muuzaji.

Umeniletea mambo mawili ndani ya barua moja: vibaka, na nusu ya kichochoro. La kwanza tutasaidiana. La pili, hapana. Chukua hati yako, tazama ramani iliyoambatishwa, kisha toka nje ukatafute bikoni za kona, zile alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji. Kama kichochoro kiko nje ya bikoni zako na nje ya bikoni za jirani, hiyo ni njia ya umma, hata kama ninyi ndio mnaoifagia. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vidogo, watu wa kipato kidogo, wengi wao waenda kwa miguu. Njia kama hizo hazikusahaulika kwenye mchoro kwa bahati mbaya. Ukitaka kuhakikisha, nenda kwa afisa mipangomiji wa Manispaa ya Ubungo, maana Kinondoni mlishatengana nayo.

Na huyo mjumbe, kama ni wa shina, ni kiongozi wa chama. Kutokuwa na neno kwake hakukupi kibali. Hata mwenyekiti wa mtaa, tuliyempigia kura, hana mamlaka ya kugawa ardhi. Nimeona barua nyingi za kuuziana vichochoro zikiwa na muhuri mzuri wa serikali ya mtaa, na tingatinga lilipofika halikuusoma.

Sasa vibaka. Kabla ya kuamua lolote, kaa kibarazani uwahesabu wapitao: wanaokwenda swala ya alfajiri, watoto wa shule saa kumi na mbili na nusu, mama wa maandazi, wanaoshuka daladala jioni, na wale wa baada ya saa mbili usiku. Halafu jiulize kila mmoja wao akizuiwa hapo atazungukia wapi. Kama mzunguko unampeleka mtoto wa darasa la pili kwenye lami isiyo na njia ya waenda kwa miguu, mtakuwa mmelinda simu na kumweka mtoto mbele ya daladala. Lakini kama kuna njia nyingine hatua chache kutoka hapo, pana na yenye mwanga, na hicho kichochoro hupitwa na wachache tu, mimi nitakuwa wa kwanza kukubali kifungwe. Vipo vya namna hiyo.

Mpwa wako hakudanganya. Nyumba za Liverpool nyingi zimeshikana mstari mrefu, na nyuma yake kuna uchochoro wa kutolea taka, ambao wezi waliutumia kuingilia majumbani. Wakaweka mageti ya chuma, wakazi wakapewa funguo, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2004 ilikuta uvunjaji wa nyumba umeshuka kwa takriban asilimia 37. Ila uchochoro ule unahudumia migongo ya nyumba zilezile zinazopakana nao. Chako kinampeleka mtu wa mtaa wa tatu kituoni. Halafu waliweka mageti, hawakujenga ukuta, na sijasikia kwamba kila jirani alichukua nusu!

Ninachokiona mimi kwenye vichochoro vya Sinza ni kwamba tumevitengeneza wenyewe. Miaka ile uzio ulikuwa michongoma ya kufika kiunoni, na aliyepita alionekana na mtu anayeanika nguo. Leo ni ukuta wa tofali kupita kichwa, juu chupa zilizovunjwa, pande zote mbili, bila dirisha wala tundu. Ukiporwa ndani ya mfereji huo hakuna wa kukuona. Basi fedha za tofali zielekeze huko. Teremsha ukuta kwenye kona zote mbili za kuingilia hadi usawa wa kifua, juu yake weka grili, ili anayeingia aone mwisho wa njia kabla hajaweka mguu. Jirani afanye hivyohivyo. Fungeni taa ya sola juu ukutani, mbali na mkono wa mtu. Waombeni ulinzi shirikishi waifanye iwe njia yao ya doria. Na akipatikana fundi cherehani au mama wa chipsi wa kukaa mdomoni mwa kichochoro hadi usiku, huyo atafanya kazi kubwa kuliko taa, ingawa najua bwana afya atakuja na lake.

Kuna na maji. Masika yakija, maji ya mtaa wa nyuma yanapitia wapi? Mara nyingi ni humohumo, na bomba la DAWASA nalo limelala chini yake. Ukuta wako utayageuza maji yaelekee sebuleni kwa mtu, pengine kwako.

Mkishafanya hayo na bado hali ni mbaya, pelekeni hoja kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, si kwenye kikao cha majirani wawili. Muhtasari uende kata, kisha halmashauri, kwa sababu kubadili mchoro ni kazi ya mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ombeni geti la kufungwa usiku na kufunguliwa alfajiri, na andikeni nani anashika ufunguo. Hapo ndipo mageti mengi hufia: mwenye ufunguo anasafiri kwenda msibani, mtaa mzima unaruka ukuta.

*Mzee, huku Manzese hatuna hati wala bikoni. Jirani kaongeza kibaraza, kichochoro kimebaki cha kupita ubavu ubavu. Tukimwambia anadai hatuna ramani ya kumwonyesha.*
Mpangaji, Manzese

Mwambie kipimo mnacho: jeneza. Kama jeneza halipiti likiwa na wabebaji pande zote mbili, njia imekufa, na hata yeye mwenyewe hatalibishia hilo mbele ya wazee. Nimewahi kuona maiti ikitolewa kwa kupitishwa juu ya ukuta wa watu, na sitaki kuona tena. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua njia za umma za kupita, kwa hiyo kukosa hati hakumfanyi awe mfalme wa uchochoro. Anzeni na serikali ya mtaa, halafu Baraza la Kata. Baraza hilo tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana huko, ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pigeni picha mapema, kabla hajaweka vigae.

*Bodaboda wamefanya njia yetu ya miguu kuwa mkato. Tumefikiria kusimika nguzo za chuma katikati. Zitatosha?*
Baba wa watoto wadogo, Tabata

Bajaji, nguzo zitazizuia. Bodaboda hapana. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya kama sentimeta 90, na usukani wa pikipiki za kawaida hauzidi hapo. Mkibana nguzo hadi pikipiki ishindwe, mmemfungia nje mlemavu na mama mwenye kigari cha mtoto, na bodaboda atainamisha usukani apite hivyohivyo. Lengo liwe kumpunguza mwendo. Simikeni vizuizi viwili vya bomba, kimoja kutoka ukuta wa kulia na cha pili mbele kidogo kutoka wa kushoto, vipishane, ili anayepita alazimike kukata kona mbili. Acheni nafasi ya kutosha kiti cha magurudumu kigeuke kati yake. Bodaboda mwenye haraka ataona ni heri azunguke barabarani. Bomba zijazwe zege, la sivyo wiki ijayo zitakuwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.