Vidoti vya kijani kwenye kioo: kadi imekufa au umeme haufiki?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mimi nipo Tabata, Dar, naediti video za harusi. Nina kompyuta ya mezani ya i5, zile zilizotumika maofisini huko nje zikaletwa huku, nikaiongezea grafiksi kadi ya GTX 1060 ya 6GB niliyoipata mtumba Kariakoo. Miezi minne imepiga kazi vizuri tu. Sa hivi nikianza kurenda (kuitoa video iliyokamilika), baada ya kama dakika 15 vinatokea vidoti vya kijani, halafu kioo kinakuwa cheusi tii, feni ya kadi inavuma kama nini ila muziki bado nausikia. Fundi mmoja kasema kadi imekufa ila anaweza kuichoma kwa hewa ya moto irudi. Nimpe? Hela ya kununua ingine sina na Desemba nina harusi tatu.

JIBU: Usimpe kwanza, mdogo wangu. Kadi ikichomwa huwa inafufuka kweli, nimeziona, ila ni wiki mbili tatu, ikikaa sana mwezi, halafu inakufa jumla, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko ndani ya chipu yenyewe au kwenye memori na ule moto unarudisha tu mguso kwa muda. Na ikishachomwa ovyo, hata fundi mwenye mashine ya maana ya kubadilisha memori atahangaika nayo.

Kilichonishtua mimi sio vidoti, ni hiyo kompyuta ya ofisini. Nyingi ya hizo zina pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani) ya wati 240 mpaka 300 hivi na hazina ule waya wa pini 6 wa kadi. Sasa 1060 inakula wati 120, na Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 400. We uliiwashaje? Nahisi muuzaji alikupa kile kiwaya cha kuungia, upande mmoja kinachomekwa kwenye plagi ya SATA ya umeme wa hadi diski, upande wa pili ndo pini 6. Tundu la kwenye bodi, pale kadi inapochomekwa, linatoa wati 75, pini 6 nazo zimepangiwa 75, lakini plagi ya SATA kwenye volti 12 mwisho wake ni wati 54 tu. Ukiwa unaangalia mambo yako ya kawaida kadi imesinzia kwahiyo hakuna shida, ukianza kurenda inaamka inadai umeme wake wote na ile plagi inachemka. Nililetewa mashine ya hivyo hivyo, nimefungua ubavu nikakuta plastiki ya plagi imekuwa ya kahawia, pini moja imezama ndani, waya wa njano umekakamaa kama umekaangwa. Kadi yenyewe nikaihamishia kwenye kompyuta yenye pawa saplai ya maana ikakesha inafanya kazi bila hata doti moja.

Kwahiyo zima, chomoa ukutani, fungua, angalia hiyo plagi na uinuse. Ikiwa imebadilika rangi usiiwashe tena kabisa, hapo unaweza kuunguza nyumba.

Kama ni safi, washa renda, vidoti vikitokea tu wahi kupiga picha ya kioo kwa kubonyeza vitufe vya Windows na PrtSc pamoja kabla kioo hakijazima, halafu hiyo picha itume kwenye simu uiangalie huko. Vikiwepo hadi kwenye picha, basi vimetoka kwenye kadi vikiwa hivyo. Picha ikiwa safi, kadi imechora vizuri na tatizo liko mbele, kebo, tundu la kebo au monita, ingawa kwa jinsi feni inavyovuma na kioo kinavyozima kwako sidhani kama ni kebo. Angalia pia unapowasha, pale inapotoka nembo ya kampuni kabla Windows haijaanza, vidoti vikiwepo hapo draiva (programu inayoendesha kadi) haihusiki maana hata haijaamka bado, hiyo ni kadi. Kama pale pasafi, futa draiva kwa DDU, programu ya kufuta draiva, ukiwa kwenye sefu modi ya Windows, weka upya, ujaribu.

Joto nalo lisome kwa GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, wakati inarenda. 1060 ikifika nyuzi 83 inaanza kujipunguza kasi yenyewe, kwahiyo ikipanda huko haraka toa vumbi na ubadilishe pesti ya kati ya chipu na chuma cha kupozea, 1060 nyingi za mtumba zilishachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana mwaka 2017 na 2018 na pesti yake imekauka kama chokaa.

Ila kipimo kinachomaliza ubishi ni kumuomba rafiki mwenye pawa saplai ya wati 450 au zaidi, yenye pini 6 zake halisi, uichomeke kadi kwake urende saa nzima. Ikitulia, nunua pawa saplai, na uulize kwanza kama inaingia kwenye bodi yako maana hizi za ofisini zingine zina plagi zao wenyewe. Ikitoa vidoti na kule, basi kadi ndo mgonjwa.

Na harusi zisikunyime usingizi. i5 yako karibu hakika ina grafiksi yake ya ndani, chomoa kadi, monita ichomeke kwenye tundu la bodi, kwenye programu yako chagua Quick Sync, yaani kurenda kwa grafiksi hiyo ya ndani, na renda uziachie usiku.