Umepangiwa kufungwa mpira kwa ajili ya bawasiri? Haya ndiyo maandalizi

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Unalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, daktari anaingiza kifaa cha kutazamia, anavuta uvimbe na kuukaza kwa kipira kidogo. Hufanyiwa bawasiri ya ndani tu, sehemu isiyohisi maumivu makali. Ya nje haifungwi hivi, maana ngozi ile ina hisia kama ngozi nyingine yoyote.

Kwa kawaida hakuna usingizi, hivyo hufungi kula isipokuwa umeambiwa utapewa dawa ya usingizi. Kula chakula chepesi, kwani wapo wanaopata kizunguzungu wakati wa kufungwa. Vituo vingine hutoa enema (maji au dawa ya kusafisha utumbo kupitia njia ya haja kubwa) asubuhi hiyo, vingine havitoi, uliza mapema.

Jambo kubwa ni choo, na hilo lianze wiki nzima kabla. Choo kigumu juu ya kidonda kibichi ndicho kinacholeta damu na kilio. Mboga za majani, maharage, papai, dona badala ya sembe, maji ya kutosha. Isabgol, unga wa nyuzinyuzi wa kulainisha choo, hupatikana maduka mengi ya dawa: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, unywe papo hapo kabla haijawa uji. Ukiinywa na maji kidogo itakufunga zaidi.

Mwambie daktari kila dawa unayotumia. Wafarini, klopidogreli na aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, huongeza kutokwa na damu, ila usiziache kwa uamuzi wako, hasa kama una tatizo la moyo. Taja pia kisukari, VVU au dawa zinazoshusha kinga, na mzio wa mpira wa lateksi, kwa sababu vipira vingi ni vya lateksi.

Kuhisi mgandamizo na haja isiyokwisha kwa siku moja au mbili ni kawaida. Usijikamue, hakuna cha kutoka. Lakini ukisikia maumivu makali mara tu kipira kinapokazwa, sema hapohapo, usijikaze kiume: kimekaa chini mno na kinapaswa kutolewa. Nyumbani tumia parasetamoli, siyo diklofenaki, na kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15.

Watu hudanganyika siku ya tatu wakijiona wamepona. Uvimbe hukauka na kudondoka baada ya siku 5 hadi 10 hivi, na damu nyingi ikija huja kipindi hicho, wakati mwingine hadi wiki ya pili. Kwa hiyo safari ndefu ya basi au kubeba magunia visubiri. Matone kwenye karatasi si neno. Mabonge ya damu, homa, maumivu yanayozidi au mkojo kukataa kutoka: nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki ya Jumatatu.