Neva lazima iteleze: kwa mnaoanza upasuaji wa mkono

Wadogo zangu mnaoingia thieta, kushona neva mtajifunza mapema. Kinachochelewa kufundishwa ni kovu linalokuja baadaye, likaigandisha neva kwenye kano na nyama za jirani.

Neva hutembea. Ukikunja na kunyoosha kifundo cha mkono, neva ya mediani, ile ipitayo katikati ya kifundo kwenda vidoleni, huteleza zaidi ya sentimita moja. Ikinaswa na kovu haitelezi tena, inavutwa. Mwaka 1973 watafiti Lundborg na Rydevik walionyesha kwa sungura kwamba neva ikirefuka kwa asilimia 8, damu huanza kusuasua kwenye vena zake ndogo. Ikifika asilimia 15 husimama kabisa. Ndiyo maana mgonjwa anasema, "Daktari, nikinyoosha mkono tu, shoti inapiga hadi vidoleni."

Kinga inaanza na mikono yako. Lowesha neva kwa maji ya chumvi kila mara, maana taa za thieta huikausha upesi. Usiibane kwa koleo. Shika ala yake ya nje tu, au ipitishie utepe laini chini uisogeze taratibu. Na usiichambue mzunguko mzima bila sababu: mishipa ya damu inayoilisha hupitia utando uleule unaoona kama uchafu wa kusafishwa. Wapo wanaosifia neva iliyoachwa inang'aa, tupu. Mimi hapo naona kovu la miezi ijayo.

Damu iliyovilia ndiyo inayoniudhi zaidi, maana nayo huzaa kovu. Nafungua tunikweti, ule mkanda unaozuia damu mkononi, kabla ya kufunga ngozi, nasubiri, nazima kinachovuja kwa bipola, koleo la umeme la kuziba mishipa. Hizo dakika chache wenye haraka huziita uvivu, waache.

Neva iliyokatika na ncha zake zisikutane kwa hiari, usizilazimishe. Mshono uliokaza huzaa kovu. Mpasuaji Hanno Millesi wa Vienna alilipigania hili miaka ya 1970: afadhali kipandikizi, kwa kawaida kutoka neva ya surali mguuni.

Vifuniko vya kolajeni vya kuvisha neva ni ghali, na kwa upasuaji wa kwanza wa handaki la kiganja, ile njia nyembamba ya kifundoni inamopita neva ya mediani, sioni haja yake. Neva iliyofunguliwa ikaganda tena ndiyo huhitaji mfuniko, nami huanza na mafuta ya mgonjwa mwenyewe ya upande wa kidole kidogo, yakigeuzwa juu ya neva bila kukatwa mishipa yake ya damu.

Kisha mazoezi. Aliyefunguliwa handaki la kiganja achezeshe vidole siku hiyohiyo. Aliyeshonwa neva hukaa kwenye banzi kama wiki 3, ndipo aanze kuitelezesha kidogokidogo, bila kuivuta hadi iume.

Mtu wa fiziotherapia hakuwepo thieta. Mwandikie kwenye faili kama neva ilishonwa au ilifunguliwa tu, kama kano nazo zilikatika, na kifundo kilinyooka kiasi gani kabla mshono haujaanza kukaza. Kwa mwandiko unaosomeka, tafadhali.