Kituo cha uatamizi kinataka asilimia 5 ya hisa zetu: tukubali?

Swali: Tuko watatu na tuna kampuni changa. Tunatengeneza kipimo cha haraka cha kutambua bakteria kwenye ute wa koo; kingamwili zake tunazizalisha wenyewe kutokana na seli tunazozikuza. Hadi sasa tunatumia maabara ya chuo. Kituo cha uatamizi (kinacholea kampuni changa) wa biashara za sayansi ya uhai kimetupa nafasi ya meza mbili za maabara kwa miezi 18, pamoja na mafunzo na washauri, nacho kichukue asilimia 5 ya hisa. Kitatusaidia nini hasa, na tukague nini kabla ya kutia saini?

Jibu: Ndugu msomaji, asilimia 5 isiwe hoja ya kwanza. Anzeni na hiyo miezi 18. Andikeni kazi zenu zote zisizoharakishika, kisha muone kama kituo kitawawezesha kuzimaliza kabla muda haujaisha. Kama kinatoa meza, intaneti na semina tu, hakiwafai hata kwa bure, maana nyinyi mnashughulika na seli hai na sampuli za wagonjwa.

Kinachookoa muda kuliko vyote ni maabara iliyokwisha kupata vibali. Kwa kazi yenu mnahitaji usalama wa kibiolojia wa ngazi ya 2: kabati la usalama la daraja la II, otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo), utaratibu wa taka na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mkijenga wenyewe, ununuzi na ukaguzi vitakula miezi mingi kabla ya jaribio la kwanza. Mkienda kutembelea kituo, ombeni cheti cha kabati: hukaguliwa linapofungwa, kila linapohamishwa, na angalau mara moja kwa mwaka. Ombeni pia daftari la otoklevu. Chupa ndogo ya kimiminika hutakaswa kwa dakika 15 hadi 20 kwenye nyuzi 121, lakini mfuko wa taka kwa kawaida huhitaji dakika 30 hadi 60, kwa sababu mvuke lazima upenye hadi katikati. Daftari likionyesha dakika 15 kwa kila mzigo, basi hapo hakuna anayesimamia.

Kutumia vifaa pamoja na majirani kuna hatari yake, na kwa wakuzaji wa seli hatari kubwa ni mikoplasma. Huyu ni bakteria asiye na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimgusi; ni mdogo kiasi cha kupenya kichujio cha maikromita 0.2, na wala hachafui kimiminika mkaona ukungu. Seli huendelea kukua, ila kwa kusuasua. Kingamwili hupungua, nanyi mtahangaika kubadilisha seramu na kupima upya asidi, kumbe tatizo liliingia na chupa ya jirani kwenye kiatamizi cha seli mnachogawana. Ulizeni: seli ngeni hutengwa wapi? Hupimwa kwa PCR (kipimo cha vinasaba) kabla ya kuingia chumba cha pamoja? Upimaji hurudiwa kila mwezi? Jibu likiwa "tunaweka antibiotiki", ondokeni. Antibiotiki za kila siku huficha uchafuzi, hazimalizi. Nanyi kabla ya kuhamia, gandisheni akiba ya vichupa 20 hivi vya seli zilizopimwa, mviweke kwenye naitrojeni ya kimiminika katika majengo mawili tofauti.

Sasa zile kazi zisizoharakishika, ambazo kila moja ina saa yake. Ya kwanza ni uthabiti wa kipimo. Kukihifadhi kwenye joto la juu huwapa makisio ya mapema, lakini ili kuthibitisha kwamba kinadumu miezi 12 mtahitaji takwimu za miezi 12 halisi, tena kwa kawaida kutoka mafungu matatu ya uzalishaji. Mkianza mwezi wa 8, mtatoka kituoni bila jibu. Kwa hiyo kamilisheni muundo mapema, mafungu matatu yaingie rafuni ifikapo mwezi wa 4 au wa 5. Kampuni nyingi hukosea hapa: huendelea kuboresha rangi ya mstari wa majibu mwezi baada ya mwezi, na kila badiliko la kingamwili au utando (ukanda ambao sampuli hutiririka juu yake) hurudisha saa kwenye sifuri.

Saa ya pili ni sampuli za wagonjwa. Tuseme mnatarajia unyeti (sehemu ya wenye bakteria ambao kipimo huwatambua) wa asilimia 95 na mnataka ukadiriaji usiopishana zaidi ya asilimia 5 juu au chini. Hesabu ya kawaida inataka wagonjwa 73 wenye bakteria huyo. Kama kati ya wanaopimwa ni mmoja tu kwa kila kumi aliye naye, mtapima watu 730 hivi. Kituo chenye makubaliano na hospitali na njia iliyozoeleka ya kupata kibali cha maadili kinawapunguzia kazi hii kwa miezi. Sampuli zilizogandishwa zinafaa mwanzoni, lakini msizitegemee peke yake. Ute mbichi ni mzito na huweza kutiririka tofauti kwenye utando.

Washauri wa kituo wana thamani pale tu wanapowalazimisha kuandika. Sentensi ya kwanza iwe matumizi yaliyokusudiwa: nani apimwe, apimwe na nani, kwa sampuli gani. Kutoka hapo ndipo hutoka idadi ya sampuli, tathmini ya hatari kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 14971 na mfumo wa ubora wa vifaa tiba wa ISO 13485. Kumbukumbu za usanifu zisizoandikwa wakati kazi inafanyika ni shida kubwa kuzitunga baadaye.

Kuhusu hataza (hati ya kulinda uvumbuzi), malizaneni kwanza na chuo. Uvumbuzi uliofanyika kwa vifaa vyake huenda ni mali yake, na bila leseni ya maandishi hakuna mwekezaji makini atakayeingia. Kisha wasilisheni ombi kabla ya onyesho lolote la kituo. Ulaya, kueleza hadharani jinsi kipimo kinavyofanya kazi kunaua upya wa uvumbuzi, na bila upya hakuna hataza. Marekani mna miezi 12 ya msamaha tangu mlipoueleza hadharani. Mkiwasilisha siku ya kuingia kituoni, ombi la kimataifa la PCT (mkataba wa ushirikiano wa hataza) lina mwisho mwezi wa 12, na gharama nzito za kuingia nchi mojamoja huja mwezi wa 30, yaani mwaka mzima baada ya kutoka. Mshauri naye asaini makubaliano ya siri na ya umiliki, kwa kuwa wazo lake likiingia kwenye madai ya hataza, anakuwa mvumbuzi mwenza.

Hisa sasa. Vipo vituo visivyochukua hisa. LabCentral ya Cambridge, Massachusetts, iliyofunguliwa 2013, hutoza ada tu. Asilimia 5 inavumilika kama ni hisa za kawaida zinazotolewa kidogokidogo kadiri huduma inavyotolewa. Kifungu cha kukataa ni kile kinachosema asilimia ya kituo isipungue kamwe. Mwekezaji akichukua asilimia 20, na wa pili tena 20, hisa za kawaida za kituo zingeshuka hadi 3.2 nanyi mbaki na 60.8; zikilindwa, mnabaki na 59. Kibaya zaidi ni kifungu kinachokipa kituo haki ya kwanza ya kununua kampuni au leseni, kwa sababu wanunuzi wengine hawatajisumbua kutoa bei.

Mwezi wa 12 anzeni kutafuta maabara ya kuhamia. Huko kabati litakaguliwa upya, mashine zitahakikiwa upya, na fungu la kwanza la vipimo litalinganishwa na la zamani. Tengeni akiba ya kutosha ya fungu la zamani kwa kazi hiyo.