Kondoo akikua anakuwa nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: watoto wa shule ya Jumapili wafundishweje haki, ili wasije wakawa watu wa kupendelea? Mimi nafundisha watoto usharikani kwetu, huku Kimara, huu ni mwaka wa tisa. Mngeniuliza miaka minne nyuma ningewajibu upesi: wasomewe Yakobo sura ya 2, habari ya mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa mahali pazuri na maskini anayeambiwa asimame kule, wakariri mstari, waimbe, waende nyumbani. Sura hiyo nilikuwa naifundisha vizuri sana. Nikishamaliza, nampa sehemu ya Mariamu mtoto yuleyule wa kila mwaka.

Nasema habari ya igizo la Krismasi. Mtoto huyo kwao kuna gari, kwa hiyo mazoezi ya Jumamosi yakiwa saa nne, saa nne yupo. Sauti yake inafika mpaka kwa wazee waliokaa nyuma, chini ya feni inayopiga kelele. Gauni jeupe analo, kanga ya buluu anayo. Na juisi ya mazoezi, nisifiche, ilitoka kwao. Mngenihoji siku zile kama napendelea ningeapa kwamba sipendelei, kwa sababu nilikuwa na sababu. Sijapata kumwona mtu mzima anayependelea bila sababu, tena sababu za maana kabisa. Mtoto haoni sababu zetu. Anachoona ni nani ameitwa na nani ameachwa.

Aliyenifumbua macho ni binti wa miaka minane hivi, anayepanda kwa miguu kutoka bondeni, kamshika mkono mdogo wake. Nilimwita nimpe ukondoo. Akaipokea ile fulana tuliyoibandika pamba kwa gundi, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza bila hasira yoyote: "Mwalimu, kondoo akikua anakuwa Mariamu?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikahesabu: ulikuwa mwaka wake wa tatu kwenye pamba ile.

Nikawaambia watoto palepale kwamba nimekosea, tukaandika majina kwenye vipande vya karatasi na kuvitia ndani ya kofia. Habari ya Mathiya, aliyepigiwa kura kushika nafasi ya Yuda, walikuwa wanaijua, kwa hiyo hakuna aliyesema mwalimu anachezesha kamari. Msinitazamie niseme kwamba yule binti akaokota Mariamu. Aliokota mke wa mwenye nyumba ya wageni, sehemu ya neno moja tu: "Pamejaa!" Siku ya siku alilisema kwa ukali hadi Yosefu akarudi nyuma hatua mbili ambazo hatukuzifanyia mazoezi.

Mariamu alimwangukia mtoto mwenye kigugumizi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kura peke yake haitoshi. Ningemwachia hivyohivyo, nikasema "wote nimewapa nafasi sawa," ningekuwa nimemwadhibu mbele ya kanisa zima. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeniokoa, kwa kuwa mwenye kigugumizi mara nyingi akiimba hakwami. Ule mstari wa "Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana" tukaufanya wimbo, na kwa majuma matano mtoto huyo akapata muda wangu kuliko mwingine yeyote. Watoto wengine waliona, na hawakulalamika. Wanajua vizuri sana tofauti ya kumsaidia mwenye shida na kumbembeleza mwenye navyo. Sisi ndio tunaochanganya.

Aliyelalamika ni mzazi. Mama wa yule Mariamu wa zamani alinifuata baada ya mnada wa sadaka kanisani, kuku wake wa mnada kwapani, akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu amekosa nini?" Nilimjibu vibaya, nikaja kumwomba radhi baadaye. Alikuwa na uchungu wa kweli: aliyezoea kupewa, siku akipewa kama wenzake huona amenyang'anywa. Mwanawe mwenyewe alikuwa kondoo, na kwa sauti ile, wazee wa nyuma kwa mara ya kwanza walimsikia kondoo wetu.

Tangu hapo habari ya Yusufu pia siifundishi kama zamani. Zamani tulikimbilia kaka zake wabaya, shimo na vipande 20 vya fedha. Sasa nawauliza kwanza: nani alianza kukosea? Wanajibu kwa pamoja: "Baba!" Yakobo, huyo baba, mwenyewe alikulia nyumba ambayo Isaka alimpenda Esau, na Rebeka akampenda Yakobo, naye akaenda kuipanda mbegu ileile kwake kwa kanzu ndefu aliyomfanyia Yusufu. Halafu nawasomea Mwanzo 43, pale Yusufu amekuwa mkubwa Misri, anawakaribisha ndugu zake chakula, na fungu la Benyamini, mdogo wake wa tumbo moja, linakuwa mara tano ya mafungu ya wengine. Mwaka jana mtoto mmoja aliruka kutoka kwenye benchi: "Hajakoma tu!" Wapo wanaosema Yusufu alikuwa anawapima kaka zake. Huenda. Lakini sikumkatiza yule mtoto.

Nimejifunza pia kutowanyamazisha wanaposema "si haki." Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahaulika katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuwaambia washukuru kwa kidogo. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia mgawo. Mimi sina watu saba, nina daftari. Kila Jumapili naandika nani ameomba, nani amesoma, nani ameshika kikapu cha sadaka. Miezi miwili ya kwanza lilinitia aibu: darasa la watoto zaidi ya 40, na majina ni yaleyale sita.

Jina la mwanangu halikuwamo hata mara moja. Yumo darasani, na kwa kuogopa maneno ya watu nilikuwa namruka. Jioni moja, tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza kama watoto wanaruhusiwa kuhamia kanisa lingine peke yao. Walawi 19 inakataza kumpendelea maskini na inakataza kumstahi mwenye nguvu. Mtoto wa mwalimu nimemwongeza mwenyewe, pembeni mwa mstari huo, kwa penseli.

Krismasi iliyopita kofia ilizunguka tena. Ukondoo umemwangukia mdogo wake yule binti wa bondeni. Anasema pamba inawasha.