Usiondoke Chalinze na tairi hilo

Mkuu, baki hapo hapo. Eti tairi moja la tela, ekseli ya katikati kushoto, linachemka tangu ubadilishiwe laini za breki (vile vipande vinavyosugua dramu, bakuli la chuma linalozunguka na tairi), na fundi kakwambia laini mpya zinajikalisha, ukifika Tunduma zitakuwa zimetulia? Maneno hayo nayajua. Mimi yalinigharimu habu (kitovu cha tairi), beringi zote mbili, matairi na stabu, ile ncha ya ekseli inayobeba habu.

Laini mpya zinapata joto kweli, lakini zinapata zote. Tairi moja haligusiki na mengine yote vuguvugu, hapo hakuna cha kujikalisha. Mimi nimepanda Kitonga na mzigo, gia ya chini, mlima mzima sijakanyaga breki. Kufika Ilula tandiboi ananiita: grisi inatiririka kwenye rimu kama mafuta ya maandazi. Sasa joto la breki ambayo hukuikanyaga limetoka wapi? Nikampigia fundi wangu aliyenibadilishia laini. "Mwagia maji, endelea." Maji nilikataa, dramu ya moto ukiimwagia inapasuka. Hilo la kuendelea nikalitii. Na anayecheka aonyeshe beringi zake kwanza.

Iringa sikufika, habu ikagoma njiani. Kufungua, rola zimegandia kwenye stabu, sili imekuwa majivu. Yule bwana, fundi wa miaka mingi kwa mdomo wake, alipokuwa anarudishia habu alikaza nati yake kwa nyundo na patasi "isiwe na mchezo". Beringi ya koni inataka mchezo, yaani nafasi kidogo ya kucheza, jamani! Ni mdogo sana, kwenye geji usizidi 0.13 mm, lakini uwepo. Ukiuua, beringi inajibana, inapata joto, chuma kinatanuka, inajibana zaidi, grisi inayeyuka na kukimbia. Nati inakazwa huku tairi linazungushwa, kisha inarudishwa nyuma kidogo. Ukimwona fundi anagonga nati na tairi limesimama, mnyang'anye nyundo. Na hela ya ufundi alichukua yote, wala simu yangu hapokei tena.

Kwa hiyo piga jeki, zungusha kwa mkono. Acha lipoe kwanza. Weka magogo kwenye matairi mengine, jaza upepo mitungi yote ya breki, achia hendibreki, maana upepo ukiwa mdogo springi za chemba za breki zinashika zenyewe na utamlaumu fundi bure. Jeki chini ya ekseli, zungusha. Likiwa zito, legeza slaki, ule mkono wa kurekebisha breki. Likilainika baada ya hapo, shida ni breki: slaki imekazwa mno, shafti ya kemu inayosukuma laini hairudi, au springi za kurudishia laini zimechoka. Likibaki zito, shuku nati ya habu, na hapo hata Morogoro usiende. Njiani pia unaweza kubahatisha kwa kusogeza mgongo wa mkono bila kugusa: joto likiwa kali katikati kwenye kifuniko cha habu, shuku beringi, likiwa kali kwenye dramu, shuku breki. Lakini jeki ndiyo inayosema kweli, na hata fundi akiwa mjomba wako, tairi lisitoke gereji hujalizungusha mwenyewe.

Uliuliza pia laini za kampuni gani, na bei ya kuchonga dramu. Wengine watakujibu. Ukishapiga jeki rudi hapa useme linazungukaje.